Aendelee

Bugarama,
Jumatano, 14 Agosti.

Dada yangu mpendwa Bernadina,

Kabla hujafika mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Kama shemeji yuko ndani, subiri atoke. Kama Mama amekuja kukuona, ifiche barua hii kwenye debe la unga mpaka aondoke. Neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako, hata kwa paroko. Sikukupigia simu kwa sababu nimeizima, na kwa sababu ujumbe wa simu hubaki kwenye simu za watu wawili, lakini karatasi unaweza kuichoma. Ukimaliza kusoma, ichome. Zile karatasi tatu nilizozibana kwa pini usizichome wala usitoe pini. Nitakueleza.

Shikamoo dada. Natumaini mguu wako umepata nafuu na kwamba unaweza kwenda shambani bila fimbo. Agapiti anaendeleaje na shule? Mwambie mama mdogo wake anamkumbuka, na ile kalamu ya rangi nne niliyomwahidi ipo kwenye begi langu. Msalimie shemeji, wasalimie Baba na Mama, na majirani wote wa Ushirombo wanaoniulizia. Desturi inataka sasa niseme kwamba mimi pia ni mzima wa afya. Hapo ndipo shida ilipo, kwa hiyo naomba niruke nitarudi baadaye.

Kila ukiniuliza kazi ikoje nimekuwa nikikujibu neno moja, nzuri. Leo nitakujibu inavyostahili. Mtambo wetu uko nje kidogo ya Nyarugusu. Mawe yanaletwa na malori kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yanasagwa na karasha mpaka yanakuwa unga, kisha unga huo unalowekwa kwa dawa na dhahabu inanaswa na kaboni, yaani vipunje vyeusi kama mkaa uliopondwa. Kipunje kilichoshiba dhahabu ni kidogo kuliko punje ya mtama, na kinakaa vizuri chini ya ulimi. Kwa sababu hiyo, kila siku saa kumi na moja jioni, watu wote hupita getini mmoja mmoja kukaguliwa. Mifuko inageuzwa, viatu vinavuliwa, halafu unafika mbele ya msimamizi, Bwana Maduhu. Unafungua kinywa, unainua ulimi, anakumulika kwa tochi ndogo, kisha anakwambia ukohoe. Mara mbili, kwa nguvu, mdomo wazi, kwa sababu anasema aliyebana kitu kooni hawezi kukohoa sawasawa. Ukimaliza anasema endelea, nawe unatoka. Hajawahi kumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Miaka sita amesimama pale, uso wake kiganja kimoja kutoka kwenye uso wako, akikoholewa na watu themanini kila jioni. Hata mimi karani napita, kwa sababu naingia chumba cha mizani.

Si mtu wa kufoka. Ungekutana naye ungempenda. Asubuhi ananisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, umeamkaje mama, na nikimjibu kwa lafudhi yetu ya Ushirombo anacheka mpaka anashika meza. Pale getini ana utani na kila kinywa. Jamaa mmoja wa karasha anayeitwa Chacha alifungua mdomo, Maduhu akamulika, akasema humu sioni dhahabu, naona makande ya juzi. Watu wakacheka, na Chacha naye akacheka mdomo ukiwa wazi hivyo hivyo.

Unamkumbuka Maduhu. Ndiye aliyekuja kumzika kaka yetu Gregory na gunia la mchele na mfuko wa sukari, akasimama kaburini, akavua kofia, akasema kaka yetu alikuwa mtu wa kazi, tulimwambia apumzike akakataa. Baba alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Baadaye, tukiwa tunakunja mikeka, akamwambia Baba kwamba kama ana mtoto mwingine aliyesoma, nafasi ya karani iko wazi. Nyumbani mlisema huyu ni mtu wa Mungu. Na mimi nilisema hivyo. Januari nikaanza kazi.

Sasa sikiliza, na kama umesimama kaa.

Mwezi wa Machi Maduhu aliniagiza nipange mafaili ya zamani ya wafanyakazi kwa herufi. Nilipofika herufi G nilijua nitalikuta la Gregory, nikajiandaa kuliona jina lake. Sikujiandaa kwa kilichokuwemo. Kulikuwa na barua ya muuguzi Rosemary wa zahanati ya pale, ya mwezi wa Mei mwaka jana. Inasema Gregory ana kifua kikuu, kwamba kinaambukiza, kwamba abaki nyumbani siku kumi na nne na kila asubuhi afike zahanati ameze dawa mbele ya muuguzi, na asirudi kazini mpaka apimwe tena. Kwenye kona ya juu, kwa kalamu nyekundu, kuna neno moja na sahihi. Aendelee.

Neno hilo nalijua kuliko jina langu. Ndilo neno la ofisi yetu. Mtu akifiwa, Maduhu huandika siku mbili. Mtu akileta karatasi ya zahanati, yoyote ile, huandika aendelee, nami nagonga mhuri na kuweka kwenye faili. Tangu Januari nilikuwa nimeshagonga nyingi bila kuzisoma hadi mwisho. Nilipotoa barua ya Gregory nikazitafuta na nyingine. Baada ya tarehe ya Gregory kuna nne, zote za watu wa karasha, wale waliokuwa wakila naye sahani moja. Zote zina kalamu nyekundu.

Zamu ya karasha inaanza saa moja asubuhi na zahanati inafunguliwa saa mbili. Ukijumlisha hayo mawili utaelewa kwa nini kaka yetu aliacha dawa.

Nilimwuliza Chacha, kwa kuzunguka, kama anakumbuka Gregory alivyokuwa siku za mwisho. Chacha akaanza kucheka kabla hajajibu. Akasema Gregory tulikuwa tunamwita Daktari. Nikamwuliza kwa nini. Akasimama akaigiza: Maduhu yuko getini, anakagua watu bila kitu usoni, mmoja, wa pili, wa tatu, halafu Gregory anafika, na Maduhu anatoa mfukoni barakoa moja ya bluu ya wakati ule wa korona, anaivaa, anamulika, anamwambia kohoa, endelea, kisha anaivua na kuirudisha mfukoni mpaka kesho. Kila siku. Wao walidhani ni utani kati ya watu wawili. Chacha alipomaliza kuigiza akaniona uso wangu, akaniuliza kama nimeumwa ghafla.

Dada, ndiyo maana nakuandikia. Ujinga ningeweza kuusamehe. Mtu asiyejua kusoma barua ya muuguzi ningeweza kumsamehe. Huyu aliisoma, akaielewa, akajinunulia barakoa, na wenzake wa karasha akawaacha wavute pumzi ile ile saa kumi kwa siku. Halafu akaja kaburini akavua kofia.

Kuna jambo la Gregory sikuwahi kukwambia kwa sababu sikujua kama ni jambo. Alikuja kuniona Shinyanga nikiwa namaliza chuo. Tulikuwa tunakula, akawa kila akikohoa anageuka na kuelekea ukutani, mgongo kwangu. Nikamwuliza ukuta umemkosea nini. Akacheka, akasema siku hizi amezoea hivyo, hata kazini anakohoa kuelekea ukutani ili asimpe mtu. Nilidhani anamaanisha mafua. Alijua, dada. Alikuwa anajua anachobeba, na kwa kuwa alikatazwa kukaa nyumbani, alitafuta ukuta. Ni pale getini tu alipolazimishwa kugeuka.

Unanijua, mimi ni mwoga. Hata barabara navuka baada ya kuangalia mara tatu. Sikwenda na karatasi ile kwa mtu yeyote. Nililala na neno lile, nikaamka nalo, nikawa namjibu Maduhu salamu zake kwa lafudhi ile ile ili acheke. Lakini tangu siku hiyo nilimtakia mabaya kila nilipomwona akila.

Sasa nikusimulie habari za Wema. Yupo mwanamke anayeitwa Salome ambaye hutuletea chai na vitumbua saa nne. Ana mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi minane, ndiye Wema. Ofisi yangu ni ndogo, dirisha limefungwa kwa misumari kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya wezi, lakini kuna baridi kidogo kuliko nje, kwa hiyo Salome alikuwa akimlaza Wema kwenye kanga chini ya meza yangu mpaka amalize kugawa chai na kuosha vikombe. Mtoto akiamka hakulia. Alikuwa anashika kifundo cha mguu wangu na kuniita Kayani. Karani hakuweza. Maduhu naye alimpenda, kila siku alipita na biskuti moja.

Katikati ya Julai Wema akaanza homa. Salome alidhani meno. Wiki iliyofuata mtoto akawa analala tu, shingo imekakamaa, akaacha kumtazama mtu. Rosemary akamkimbiza Geita, na kutoka Geita wakampeleka Mwanza. Wakasema ni TB na imepanda kichwani. Yuko hai. Anameza dawa kwa mpira unaopita puani. Hajatamka neno lolote tangu hapo.

Rosemary alimwambia Salome kwamba mtoto mdogo namna ile hakuutoa ugonjwa hewani, kuna mtu mzima anayekohoa karibu naye, na mtu huyo lazima apatikane, yeye na wote aliowaambukiza. Akampa karatasi aandike majina ya kila mtu anayekaa karibu na Wema. Salome aliishia darasa la tatu. Akaja ofisini kwangu na karatasi ile imekunjwa mara nne kwenye kifundo cha kanga, akasema mwandiko wangu unasomeka, nimsaidie. Alikaa sakafuni, pale pale Wema alipokuwa akilala, akawa ananitajia nami naandika. Mama yake. Dada yake. Chacha, kwa kuwa humbeba mabegani. Tulifika majina tisa. Jina la Maduhu nililiandika la kwanza kabisa, juu ya yote, kabla hajalitaja.

Wote tisa wakaitwa wakapimwa makohozi. Wanane walikuwa salama. Maduhu alikutwa nao.

Habari haikukaa siku moja. Jioni ile Salome alisimama getini kabla ukaguzi haujaanza. Hakupiga kelele. Alimwambia mbele ya watu wote, "Biskuti zako nilikuwa nakushukuru kila siku, Baba. Kumbe ulikuwa unamlipa." Maduhu akasema kitu ambacho watu walikizomea, akasema nyinyi ndio mnaonikoholea mimi kila siku, mimi nimemkoholea nani? Walimzomea mpaka akaingia ofisini. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika kikombe cha maji sinywi. Dada, niliona raha. Niliona Gregory anaoshwa.

Kesho yake asubuhi Maduhu aliingia ofisini kwangu bila mwangaluka. Alinipa karatasi yake ya zahanati. Ni ile ile, mwandiko ule ule wa Rosemary, siku kumi na nne abaki nyumbani, asirudi mpaka apimwe tena. Tajiri wetu anakaa Mwanza, na ruhusa ya msimamizi lazima itoke kwake, kwa hiyo Maduhu aliniomba niipige picha nimtumie kwa simu ya ofisi. Nikasema sawa.

Sikuituma. Niliiweka mbele yangu mpaka saa nane. Kisha nikafungua droo yake, nikatoa kalamu nyekundu, nikaandika kwenye kona ya juu, pole pole, kwa herufi nzuri. Aendelee. Nikagonga mhuri, nikampelekea mezani kwake.

Aliniuliza kama tajiri mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Nikamwambia tajiri anasema kaboni inatolewa wiki hii, na getini hakuna mwingine anayeaminika. Uongo huo ulitoka laini kama nilikuwa nimeukariri. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mayu, mimi ni mgonjwa."

Nikamjibu, "Vumbi la hapa linamkohoza kila mtu, bosi."

Hayo ni maneno yake. Aliwahi kumwambia Gregory, na Chacha ndiye aliyenisimulia. Sijui kama aliyakumbuka. Alichukua tochi yake akaenda getini, na mara hii barakoa aliivaa tangu mtu wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilihesabu watu wakipita. Chini ya ile barakoa alikuwa anakohoa yeye, wao wamefungua vinywa mbele yake, ulimi juu, hawana barakoa. Themanini. Siku ya kwanza nilitazama Maduhu tu. Siku ya pili ndipo nikaanza kuwatazama na wao, na nikaona kwamba mhuri uliowaweka pale safari hii ni wangu. Usiku ule sikulala. Siku ya tatu nikamwambia tajiri ameghairi, abaki nyumbani. Kama zile siku mbili zimempata mtu, sitajua kwa muda mrefu.

Unaweza kudhani hilo ndilo nililokufungia mlango. Siyo.

Nilisema nitarudi kwenye afya yangu. Nilianza kukohoa mwezi wa Machi. Aprili, baada ya Pasaka, niliomba ruhusa ya siku moja nikaenda kupimwa Geita mjini, mbali, ili Rosemary asinijue. Niliambiwa nina kifua kikuu na kinaambukiza. Sijui niliutoa kwa Gregory nikiwa namwuguza au kwa watu wa karasha wanaokuja kusaini daftari langu. Walinipa dawa za wiki mbili na barua ya kukaa nyumbani siku kumi na nne. Kwenye fomu, nafasi ya simu, niliandika namba yangu nikabadili tarakimu mbili za mwisho. Kwenye nafasi ya msaidizi wa dawa, yaani mtu wa kunitazama nikimeza, niliandika jina lako. Nisamehe. Uko kwenye kadi yangu tangu Aprili na hujui.

Nilirudi kazini kesho yake. Nilitaka kukuandikia kwamba niliogopa kufukuzwa. Niliogopa kweli, lakini nikiishia hapo nitakuwa nakudanganya. Barua yangu niliichomeka katikati ya karatasi za mafuta ya jenereta na kumpelekea Maduhu asaini. Hakusoma. Aliandika aendelee. Nikarudi nayo mezani kwangu, nikaitazama kalamu ile nyekundu, na hapo ndipo wazo likanijia, au tuseme lilikuwa limeshanijia ndipo nikaichomeka. Dawa niliziweka kwenye droo chini ya kidau cha mhuri. Sikumeza hata moja.

Jioni ile nilifika getini, nikafungua kinywa, nikainua ulimi. Mimi kwake nilikuwa mtoto wa shule, msafi, ninayenawa kila saa. Hakuvaa kitu usoni. Akaniambia kohoa. Nikakohoa kwa nguvu zangu zote, mdomo wazi, kama anavyotaka. Mara ya pili nikaivuta kutoka chini kabisa. Akasema endelea. Nilifanya hivyo kila jioni kuanzia Aprili mpaka Julai. Gregory alikuwa akitafuta ukuta wa kugeukia. Mimi sikugeuka hata siku moja, na dirisha la ofisi yangu, nilikwambia, limefungwa kwa misumari, na chini ya meza kulikuwa na mtoto amelala.

Sikumfikiria. Hilo ndilo lililonivunja. Mtu akiniuliza kama nilitaka kumdhuru Wema nitaapa popote kwamba sikutaka. Lakini nilikaa miezi mitatu nikijua ninachobeba, kila siku nikahesabu Maduhu amepumua mara ngapi karibu yangu, na sikuhesabu mtu mwingine.

Na ile orodha. Tulipofika majina tisa Salome aliniambia nijiandike na mimi, kwa kuwa mtoto anashinda kwangu. Nikasema ndiyo. Nikaipeleka kalamu kwenye mstari wa kumi, nikaizungusha juu ya karatasi bila kugusa, nikakunja karatasi nikampa. Alinishukuru. Alinibusu mkono, dada.

Maduhu alipokutwa nao, Rosemary akaona ameshampata aliyemwambukiza mtoto, akafunga orodha. Wanawake wawili ninaofanya nao kazi chumba cha mizani, mmoja ana mimba ya miezi sita, hawajaitwa, kwa sababu hawakuwa karibu na Wema. Walikuwa karibu na mimi. Yule mwenye mimba ameanza kukohoa.

Nilianza kumeza dawa siku ya kujua kwamba Wema amepelekwa Mwanza? Hapana. Nimeandika hivyo nikaona si kweli, na nimechoka kujipendelea. Nilianza Jumanne ya tarehe sita, baada ya kumrudisha Maduhu nyumbani. Leo ni siku ya tisa. Ijumaa iliyopita Maduhu alimpigia tajiri mwenyewe kumshukuru kwa kumpa ruhusa, na tajiri akashangaa, akasema hajaona karatasi yoyote. Chacha alinipenyezea habari hiyo akicheka, akidhani ni mkanganyiko wa mtandao. Sikusubiri Jumamosi. Nilichukua nilichochukua kwenye mafaili, nikapanda gari, nikaja hapa.

Sasa karatasi tatu. Ya kwanza ni barua ya Gregory yenye neno la Maduhu. Ya pili ni barua yangu, nayo ina neno lake. Ya tatu ni orodha mpya niliyoiandika hapa kwa mkono wangu, kwa kalamu nyekundu. Jina langu ni la kwanza, likifuatiwa na wale wawili wa mizani, na kila mtu ninayemkumbuka kwamba aliwahi kuja kusaini akakaa. Nyuma yake nimeandika siku zile mbili ambazo mimi ndiye nilimzuia Maduhu asikae nyumbani, na kwamba watu themanini walikoholewa kwa mhuri wangu. Zimfikie Rosemary kabla ya Jumatatu. Anahitaji orodha ile kwa ajili ya yule mama mwenye mimba, na madaktari wa Mwanza wanahitaji kujua.

Lakini dada, usimpe orodha peke yake. Nikijiandika mimi tu, Maduhu anakuwa mgonjwa wa kuonewa huruma, msimamizi mwema aliyekoholewa na karani mwenye kinyongo. Watamwomba radhi getini. Salome atamwomba radhi kwa yale maneno. Gregory atabaki mtu aliyeambiwa apumzike akakataa. Nimekwisha kubali kuitwa ninavyostahili, lakini sikubali hilo. Ndiyo maana ya pini. Akizipokea azipokee zote tatu, asome zote tatu, na kama atauliza ipi ndiyo kosa, mwambie zote zina kalamu moja. Baba naye asomewe ya Gregory, ile tu, ili ajue alimshukuru nani.

Namtakia Maduhu apone. Nakuandikia hivi bila unafiki. Apone, awe na nguvu za kusimama, aulizwe ule mwezi wa Mei aliuza wapi akili yake, na ajibu bila barakoa. Mimi nami nitasimama pale pale niulizwe. Kwa Wema sina la kuandika. Kila nikianza kalamu inasimama.

Nisalimie wote kama nilivyosema juu. Mama mwambie niko safari ya kikazi, mpaka utakapoona namna ya kumweleza. Mungu akulinde na akutie nguvu za kunisomea mpaka hapa.

Barua hii inaletwa na Melania, niliyesoma naye sekondari. Yeye anajua naumwa kifua, mengine hajui, usimwulize mbele ya watu. Dawa zangu zinaisha Jumatatu na hapa sijajiandikisha popote, kwa hiyo nahitaji yule mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi. Ukikubali, njoo Jumapili baada ya misa. Shuka Bugarama stendi, usitaje jina langu, uliza fundi anayeshona sare za shule, kila mtu anamjua Melania. Pita nyuma ya cherehani zake, kuna stoo yenye mlango wa bati wa kijani. Ndimo ninamolala peke yangu, nimeng'oa dirisha ili upepo upite. Usibishe hodi wala usiingie. Simama uani uniite kwa jina la nyumbani, nitasikia. Mimi ndiye nitakayetoka, na nitakaa mbali nawe, upande ambao upepo unaelekea. Siku kumi na nne zitakuwa hazijatimia. Ukiwa bado uani ukanisikia nakohoa humo ndani, hata kama ninakuita, hata kama ninalia, usiendelee.

Mdogo wako,
Lukresia.